Kutoka Chapa ya Ng'ombe Hadi Namba ya Siri: Safari ya Pesa ya Olbalbal Mpaka Kwenye Mkeka

Ukitoka Karatu mjini, ukapita geti la Loduare, ukapanda mpaka ukingo wa kreta ya Ngorongoro halafu ukaanza kushuka upande wa Serengeti, unaingia nchi ya Olbalbal. Ni bonde pana, kavu sehemu kubwa ya mwaka, ambako maji ya Korongo la Olduvai huenda kuishia mvua zikinyesha. Watalii wanalipita na Land Cruiser wakikimbilia simba wa Serengeti. Wachache wanaowaza kwamba yule morani aliyesimama kando ya barabara na fimbo yake, ndani ya shuka anaweza kuwa na simu, na ndani ya simu kuna mkeka wa mechi saba unaosubiri Arsenal apate bao.

Stori za kubeti zinasimuliwa kama ni za vijana wa Sinza, Tandale na Mwanza mjini tu. Sio kweli. Palipofika mnara wa simu, mkeka nao umefika. Na ulipofika mkeka likafika swali ambalo wengi hulijibu kwa kubonyeza tu "kubali": hizi taarifa za pochi ya simu unazoziachia kwenye tovuti ya kubeti, namba, jina, kitambulisho, zinaenda wapi? Nani anazishika? Na siku zikidondoka mikononi mwa mtu mbaya, anayelia ni nani?

Kulijibu vizuri inabidi kurudi nyuma kidogo, kabla ya simu, kabla hata ya noti.

Benki yenye masikio

Kwa Wamaasai wa Ngorongoro, mali ilikuwa inatembea kwa miguu minne. Ng'ombe ndiye akaunti ya akiba, ndiye mahari, ndiye ada ya shule, ndiye faini mzee akikukuta na kosa. Na benki hiyo ilikuwa na ulinzi wake. Ng'ombe alikatwa masikio kwa alama ya mwenyewe na kuchomwa chapa ya ukoo. Mwizi angeweza kumswaga usiku kucha, lakini asubuhi mtu yeyote anayezijua alama angesema huyu ni wa boma fulani.

Yaani usalama wa mali ulikuwa wa wazi. Hakukuwa na siri ya kutunza. Kadiri watu wengi walivyojua ng'ombe ni wako, ndivyo alivyokuwa salama zaidi. Hata mchezo wa enkeshui, ndugu wa bao la pwani, unachezwa mbele za watu. Ukihamisha kete kwa ujanja, macho kumi yamekuona.

Shika hilo, kwa sababu pesa ya simu imekuja kuligeuza kichwa chini miguu juu.

Enzi ya tiketi ya karatasi

Serikali haikuanza jana kusimamia bahati nasibu. Tanzania ilikuwa na sheria ya 1967 ya mabahatisho ya mpira na bahati nasibu, ikaja sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa ya 1974. Kipindi hicho ukicheza, unanunua tiketi. Tiketi ni karatasi. Haijui jina lako, haijui kijiji chako, haijui jana ulicheza shilingi ngapi. Ukiipoteza imepotea, lakini anayeiokota hawezi kuitumia kuingia kwenye akiba yako nyumbani.

Mwaka 2003 ikaja Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, ambayo ilifuta zile mbili za zamani na kuzaa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania. Kasino, mashine za sarafu, bahati nasibu na ubashiri wa michezo vikawekwa chini ya mwavuli mmoja wa leseni. Mtoto chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza.

Baadaye maduka ya kubeti yakaota mijini kama uyoga. Ubao wa mechi ukutani, televisheni tatu, meza za plastiki, jamaa wanachambua ligi ya Uturuki kama wana shangazi kule. Hapo bado pesa ilikuwa mkononi. Unatoa buku, unapewa karatasi. Mkeka ukichanika unautupa chini unaenda zako. Dukani hawajui wewe ni nani, na hawana haja ya kujua.

Simu inageuka pochi

Machi 2007 Kenya wakazindua M-Pesa. Mwaka uliofuata, 2008, Vodacom wakaileta Tanzania. Tigo Pesa ikafuata 2010, Airtel nao wakajenga ya kwao, na Halotel walipoingia nchini 2015 haikuchukua muda HaloPesa nayo ikawa sokoni. Kufikia 2016 mitandao mikubwa ilikuwa inatumiana pesa moja kwa moja. Ile Tigo Pesa yenyewe leo wanaiita Mixx by Yas, baada ya kampuni kubadili jina Novemba 2024.

Kwa mtu wa Posta pale Dar, hii ilikuwa njia nyingine tu ya kulipa. Kwa mtu wa Olbalbal ilikuwa mapinduzi. Kabla ya hapo, kijana aliyekwenda kufanya kazi ya ulinzi Arusha, Dar au Zanzibar alituma hela kwa kumkabidhi dereva, kondakta au ndugu anayerudi. Hela inafika ikiwa imepungua, au haifiki kabisa, na hakuna wa kumuuliza. Baada ya M-Pesa, mzee anauza mbuzi mnadani, kijana yuko mbali na nyumbani, na hela inasomeka kwenye simu kabla mnunuzi hajamfunga mbuzi kamba.

Lakini angalia kilichobadilika. Pochi mpya haina chapa wala sikio lililokatwa. Ina vitu viwili tu: namba ya simu, ambayo kila mtu anaijua, na namba ya siri, ambayo hatakiwi kuijua mtu yeyote. Mali iliyokuwa inalindwa na macho ya watu wengi sasa inalindwa na tarakimu nne ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Aliyezijua tarakimu hizo na kuishika laini, boma zima ni lake.

Na kuna jingine. Kuanzia Mei 2019 laini za simu zikaanza kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA yenye tarakimu 20. Tarehe ya mwisho ilisogezwa mpaka 20 Januari 2020, na ambao hawakusajili wakaanza kuzimiwa laini. Lengo lilikuwa kubana wahalifu. Ila matokeo yake ni kwamba namba ya simu imeacha kuwa namba tu. Nyuma yake kuna jina kamili, kidole na kitambulisho. Ndio maana ukiandika namba ya mtu kutuma hela, jina lake linatokea. Ni msaada mkubwa usikosee kutuma. Ni msaada pia kwa yule anayetaka kujua namba aliyoiokota mtandaoni ni ya nani.

Mkeka unahamia kiganjani

Simu ilipokuwa pochi, kampuni za ubashiri hazikuhitaji tena meza za plastiki. SportPesa walianza Kenya 2014, wakavuka mpaka kuja Tanzania 2017 na kuweka nembo yao kifuani mwa Simba na Yanga kwa pamoja. Mwaka 2022 M-Bet wakaichukua Simba kwa mkataba uliotangazwa wa shilingi bilioni 26.1 kwa miaka mitano. Kubeti kukawa sehemu ya jezi, na jezi iko kila kijiji, kuanzia Kariakoo mpaka kwa wachunga mbuzi wa Olbalbal.

Njia ya kuweka hela ukiitazama haina maajabu. Unapiga *150*00# kama ni M-Pesa, unachagua kulipa, unaweka namba ya kampuni, kumbukumbu namba, kiasi, halafu namba ya siri. Hapo namba ya siri unaiweka kwenye menyu ya mtandao wako wa simu. Kampuni ya kubeti haiioni, inapata taarifa tu kwamba namba fulani imelipa kiasi fulani. Ukishinda, hela inarudi kwenye namba ileile.

Mpaka hapo mambo sio mabaya. Tatizo lilianza tovuti na apu zilipoongezeka na kila moja kuja na utaratibu wake. Nyingine zikataka picha ya kitambulisho. Nyingine zikataka ujisajili kwa namba ya simu na neno la siri, na watu kwa uvivu wakaweka neno lilelile wanalotumia Facebook, au mbaya zaidi, tarakimu zilezile nne za M-Pesa. Zikaja na za nje, zisizo na leseni ya Bodi, ambazo zinakwambia utume hela kwa wakala. Na wakala mwenyewe ni namba ya mtu binafsi, jina linatokea la mtu usiyemjua. Hapo hujalipa kampuni. Umemtumia mtu hela.

Kenya, Juni 2019: kesi iliyotikisa wabeti

Wengi wanaposikia "taarifa zimevuja" wanadhani ni stori za Marekani. Haya.

Juni 2019, mteja mmoja wa Safaricom alikwenda Mahakama Kuu ya Nairobi akiwa na madai mazito. Alidai taarifa za wateja wapatao milioni 11.5 waliobeti kupitia simu zao zilikuwa zimetoka nje ya mikono ya kampuni. Kwa mujibu wa madai hayo, mafaili yalikuwa na majina kamili, namba za simu, jinsia, umri, namba za vitambulisho na pasipoti, mahali mtu alipo, na kiasi cha hela ambacho kila mmoja amekuwa akibeti.

Kesi yenyewe ilikuwa na vituko. Mwezi uleule mlalamikaji naye akafikishwa mahakamani kwa tuhuma kwamba alijaribu kujipatia fedha kutoka kwa kampuni kupitia taarifa hizo. Watu waliokuwa wafanyakazi wa kampuni nao wakashtakiwa kuhusiana na kutolewa kwa taarifa. Tuhuma ni tuhuma, na kazi ya kumpata mwenye kosa ni ya mahakama.

Lakini tazama aina ya taarifa zilizotajwa. Hakuna mahali waliposema namba za siri zimevuja. Haikuhitajika. Thamani ilikuwa kwenye tabia: nani anabeti, anabeti shilingi ngapi, yuko wapi. Orodha kama hiyo kwa kampuni ya kubeti ni dhahabu, maana inajua nani wa kumtumia ofa ya "beti ya bure". Kwa mkopeshaji wa kwenye apu ni mwongozo wa nani hana hela mwisho wa wiki. Na kwa tapeli ni ramani kamili. Anajua jina lako, anajua umeliwa jana, anajua unatamani kurudisha. Anachobaki nacho ni kupiga tu.

Mwezi uliofuata, Julai 2019, serikali ya Kenya ikagoma kuhuisha leseni za kampuni 27 za ubashiri na kuitaka Safaricom ifunge namba zao za malipo. Wabeti wakaambiwa watoe salio lao. Wengi ndio wakagundua siku hiyo kwamba hela iliyo kwenye akaunti ya kubeti haiko M-Pesa. Iko kwa mtu mwingine, na njia ya kuifikia inaweza kufungwa ukiwa usingizini. Novemba mwaka huohuo Kenya ikapata Sheria ya Ulinzi wa Data.

Anayebebwa katikati, na kijana wa Wisconsin

Oktoba 2020 ikawa zamu ya Uganda. Wadukuzi waliingia kwenye mfumo wa Pegasus Technologies, kampuni iliyokuwa inaunganisha pesa za simu na mabenki. Taarifa za wakati ule zilisema laini za simu zipatazo 2,000 zilitumika kupokea na kutoa pesa. Mabilioni ya shilingi za Uganda yakaondoka, na huduma za kutuma pesa kati ya mitandao na benki zikasimamishwa kwa muda.

Funzo lake ni hili: kati ya simu yako na tovuti ya kubeti mara nyingi kuna kampuni ya tatu, inayobeba malipo toka huku kwenda kule. Humjui, hujawahi kumsikia, nembo yake huioni popote. Lakini anapita na hela yako, na mlango wake ukiwa wazi, uimara wa mlango wako haukusaidii sana.

Novemba 2022 kituko kikahamia Marekani. Kijana wa miaka 18 wa jimbo la Wisconsin aliingia kwenye akaunti kama 60,000 za tovuti moja ya kubeti. Hakuvunja mfumo wowote kwa maajabu ya kwenye sinema. Alichukua orodha za majina na maneno ya siri yaliyovuja zamani kwenye tovuti nyingine, akayajaribu moja moja kwa kutumia programu. Palipofunguka, wenzake walionunua akaunti hizo waliongeza njia mpya ya malipo, wakaweka dola 5 ili kuithibitisha, halafu wakatoa salio lote. Waendesha mashtaka walisema takribani dola 600,000 ziliondoka kwenye akaunti kama 1,600. Kwenye kompyuta yake wapelelezi walikuta jozi karibu milioni 40 za majina na maneno ya siri. Alikiri kosa na 2024 akahukumiwa kifungo cha miezi 18.

Kosa la waathirika wale lilikuwa moja: neno la siri moja kwa kila kitu. Ni kosa linalofanyika Manzese, linafanyika Karatu, linafanyika kila mahali mtu anaposema "nitasahau bana, acha niweke lilelile."

Matapeli wa nyumbani hawahitaji kompyuta

Hapa kwetu udukuzi mkubwa kuliko wote unafanyika kwa maneno matupu. Kila Mtanzania mwenye simu amewahi kupata ujumbe wa kumwambia ile hela aitume kwenye namba nyingine. Mtumaji hakujui. Anatupa ndoano elfu moja, anasubiri mmoja aliyekuwa kweli anataka kutuma hela siku hiyo.

Kubeti kumeipa ndoano hiyo chambo kipya. Kwanza ni magrupu ya Telegram na WhatsApp ya "mechi za uhakika". Jamaa anatupia picha za mikeka iliyoshinda, mingine imetengenezwa kwa kuhariri tu, halafu anauza "odds" za kesho kwa elfu kumi. Anachofanya ni hesabu ndogo. Nusu ya wateja anawapa timu hii, nusu nyingine anawapa ile. Timu moja ikishinda, nusu wameshinda, na hao ndio watakaomsifia.

Pili ni simu ya "hongera". Sauti nzuri, Kiswahili kilichonyooka, inakutaja jina lako kamili. "Umeshinda bonasi, kuna namba inaingia kwenye simu yako sasa hivi, nisomee." Ile namba ndiyo ufunguo. Ukimsomea, ameingia kwenye akaunti yako au amejiunga na pochi yako kwenye simu nyingine. Kampuni za simu zimetangaza mara nyingi kwamba huduma kwa wateja hupiga kwa namba 100, na hawaulizi namba ya siri. Bado watu wanapigwa, kwa sababu siku umeshinda akili iko kwenye ushindi.

Tatu ni laini kuhamishwa. Tapeli mwenye jina lako, namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa anatafuta mtu wa kumsaidia airudishe laini yako kwenye kadi yake. Simu yako inakosa mtandao, unadhani ni mnara. Kumbe pochi imeshahama. Na kwa Olbalbal hii ni mbaya mara mbili, maana mtu akiwa malishoni mtandao kukosekana ni jambo la kawaida. Anaweza kukaa siku nzima bila kushtuka.

Nne ni umaarufu wenyewe. Mei 2017 kijana mmoja wa Kenya alishinda zaidi ya shilingi milioni 221 za Kenya, picha zake zikazagaa kila gazeti. Kwa kampuni ni tangazo. Kwa mshindi, ni kuwaambia mamilioni ya watu usiowajua kwamba una mzigo na namba yako ya simu ndiyo mlango.

Sheria zimefika, zimechelewa kidogo

Tanzania haikukaa kimya. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ilifanya kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa na udanganyifu wa kimtandao kuwa jinai. Mwaka huohuo ikaja Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa, ambayo iliweka pesa za simu chini ya jicho la Benki Kuu na kutaka fedha za wateja zitunzwe kwenye akaunti za amana benki. Ndio maana kampuni ya simu ikiyumba, salio lako halitakiwi kuyumba nalo.

Hapo ndipo utofauti mkubwa ulipo, na wabeti wengi hawaujui. Shilingi elfu hamsini ikiwa M-Pesa ina ulinzi huo. Ukiihamishia kwenye akaunti ya kubeti, hasa ya tovuti isiyo na leseni hapa, imetoka nje ya uzio. Ni kama kumtoa ng'ombe zizini na kumfunga kwenye mti wa jirani usiyemjua.

Kwa upande wa taarifa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika 1 Mei 2023. Ilizaa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na wanaokusanya taarifa za watu wanatakiwa kujisajili huko. Una haki ya kujua wanachukua nini na kwa ajili gani. Ukiona taarifa zako zimetumika vibaya, una pa kulalamika.

Ila sheria ina mipaka. Tovuti ambayo ofisi yake iko kisiwa fulani cha mbali, na hapa nchini ina grupu la Telegram tu na wakala mwenye laini tatu, utaipelekea wapi barua ya mwito?

Kwa nini Olbalbal ina la kusema

Mjini, kijana akipigwa, mara nyingi amepigwa yeye. Kodi itachelewa, atakula mihogo wiki mbili, maisha yanaendelea. Mchukulie sasa kijana wa Olbalbal, jina sio muhimu. Ndiye aliyesoma kidogo, ndiye mwenye simu janja pale nyumbani. Hela ya mbuzi wa baba inaingia kwake. Hela ya kikoba cha yeyo inapita kwake. Kaka aliye mlinzi Zanzibar akituma ya dawa za ng'ombe, anatuma kwake. Pochi ina jina la mtu mmoja, lakini ndani yake kuna boma zima.

Huyo anapojaza fomu ya tovuti ya kubeti saa nne usiku, anadhani anajaza ya kwake. Kumbe anaacha funguo za watu sita ambao hawajui hata Arsenal ni nini. Ikitokea laini imehamishwa au ametaja namba iliyoingia kwenye simu, hatabaki na deni la mkeka tu. Atasimama mbele ya baba yake kueleza mbuzi amekwenda wapi. Na hakuna sikio lililokatwa la kumwonyesha mwizi.

Wazee walikuwa na utaratibu: mali ya boma haitolewi na mtu mmoja gizani. Simu imevunja utaratibu huo kimyakimya, na kijana wa miaka 20 akajikuta ni meneja wa benki bila kuajiriwa.

Basi afanyeje?

Anayetaka kubeti atabeti, mahubiri hayajawahi kuzuia mkeka. Ila kuna mambo yanayotenganisha mbeti na mhanga.

Laini ya familia isiwe laini ya mkeka. Sajili laini ya pili, weka kiasi cha kuchezea tu, na ikiungua iungue hiyo. Namba ya siri ya pochi isifanane na neno la siri la tovuti yoyote, na isiwe mwaka wa kuzaliwa. Iandike kwenye menyu ya mtandao wako tu, na ukurasa wa tovuti unaokuomba namba ya siri ya M-Pesa ufunge hapohapo. Kabla ya kujisajili, hakikisha kampuni ina leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Malipo yaende kwenye namba ya kampuni, na likitokea jina la mtu, acha. Ukishinda, toa hela siku hiyohiyo, usiilaze kwao.

Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, maana wapo waliokuta laini ambazo hawajawahi kuziona. Ujumbe wa kitapeli upeleke 15040. Na simu ikikosa mtandao muda mrefu wakati wenzako wanao, azima simu ya jirani upige huduma kwa wateja muda huohuo.

Ng'ombe alilindwa kwa kujulikana na wengi, pesa ya simu inalindwa kwa siri. Lakini siri ya namba ni jambo moja, na matumizi ya hela ya boma ni jambo lingine. Namba ya siri usimwambie mtu. Mkeka uliowekwa kwa hela ya mbuzi wa baba, huo baba anatakiwa aujue kabla mpira haujaanza.

Wewe laini yako ya mkeka na laini ya nyumbani ni moja au mbili? Umewahi kulizwa? Dondosha maoni yako hapo chini, namba ya simu usiweke.